Aisilandi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ardhi yake na serikali yake

Ninafundisha jiografia. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya Bonde la Ufa, huwatoa wanafunzi wangu Naivasha na Natron nikawapeleka hadi kisiwa kilicho kaskazini mwa Atlantiki, ambako ardhi nayo inapasuka na watu wamejenga nchi juu ya ufa huo. Maswali yaliyo hapa chini ni yao, na mengine yametoka kwa wazazi wao na kwa wasomaji. Mengi huanza na mawe yakaishia bungeni, nami siwakatazi. Aisilandi ndivyo ilivyo: Bunge lake lilizaliwa ndani ya ufa wenyewe.

Aisilandi iko wapi, na ni kubwa kiasi gani?

Iko kati ya Norwe na Greenland, kusini kidogo tu ya mstari wa Aktiki. Mstari wenyewe unapita kwenye kisiwa chake kidogo cha Grímsey. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 103,000, kwa hiyo ungeweza kuipanga mara tano ndani ya Kenya na mara tisa ndani ya Tanzania.

Watu wake hawafiki laki nne. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya laki tano kisiwani Pemba peke yake, kwa hiyo Pemba inaizidi nchi hii nzima kwa watu. Karibu theluthi mbili ya Waaisilandi wanaishi Reykjavík, mji mkuu, na miji inayouzunguka. Waliobaki wametawanyika pwani na mabondeni. Nyanda za juu za katikati hazina mji wala kijiji. Ni majangwa ya mchanga mweusi, mawe ya volkeno na barafu. Barabara kuu, ile wanayoiita namba moja, inaizunguka nchi kwa urefu wa kilomita 1,300 na kitu, na ilikamilika 1974 tu, kwa sababu mito ya kusini itokayo chini ya barafu ilikuwa haijapatiwa madaraja.

Nchi yenye jina la barafu, watu wanaishije huko?

Barafu ipo kweli, na inafunika karibu sehemu moja ya kumi ya nchi. Barafuto (mto wa barafu unaosogea polepole) iliyo kubwa kuliko zote, Vatnajökull, ina kilomita za mraba zipatazo 7,700, na kwenye ukingo wake ndipo kilipo kilele kirefu cha nchi, Hvannadalshnúkur, mita 2,110. Lakini Reykjavík si kaburi la barafu. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka upande wa kusini huzunguka pwani, hivyo wastani wa joto mwezi wa Januari uko karibu na nyuzi sifuri. Miji mingi ya bara la Kanada na Urusi iliyo kusini zaidi ina baridi kali kuliko hiyo. Kiangazi nacho hakina joto la kujivunia: Julai ni nyuzi 11 au 12. Kinachowachosha wageni ni upepo, na mwanga.

Karibu na tarehe 21 Juni, Reykjavík, jua huzama baada ya saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa, na katikati hapo hakuna giza la kuitwa giza. Desemba mwanga wa jua haupiti sana saa nne kwa siku.

Barafu inapungua. Mwaka 2014 wataalamu waliiondoa Okjökull kwenye orodha ya barafuto kwa sababu ilikuwa imekonda mno hata kusogea isiweze, na mwaka 2019 watu walipanda mlima kuweka bamba la kumbukumbu pale ilipokuwa. Ninapowaeleza wanafunzi habari hiyo hunyamaza kidogo. Wengi wao wameiona Kilimanjaro kwa macho yao, na wazee wao wamewasimulia ilivyokuwa.

Waislamu wa huko wanafungaje Ramadhani ikiangukia Juni?

Swali hili haliwezi kukosa, na ni la haki. Jamii ya Waislamu ni ndogo, lakini ipo. Ramadhani ya 2015 na 2016 iliangukia Juni, na waliofuata jua la Reykjavík walifunga saa 21 hadi 22. Wengine walichukua rai ya wanazuoni wanaoruhusu kufuata saa za Makka, au za nchi ya karibu ambako usiku na mchana vinatofautika vizuri. Ramadhani ikirudi majira ya Desemba mfungo huwa mfupi ajabu.

Ni kweli nchi inapasuka katikati?

Ni kweli. Chini ya Atlantiki kuna safu ndefu ya milima inayotoka kaskazini hadi kusini, mahali ambapo mabamba mawili ya gamba la dunia yanaachana, la Amerika ya Kaskazini kwa magharibi na la Ulaya na Asia kwa mashariki. Karibu safu yote imezama. Aisilandi ni mahali ilipoinuka juu ya maji, kwa sababu chini yake pana chemchemi ya joto kali inayosukuma miamba iliyoyeyuka kutoka ndani sana. Mabamba yanaachana kwa kiasi cha sentimita 2 kwa mwaka. Si kitu kwa macho ya mtu, lakini kwa kasi hiyo nchi imeongezeka upana kwa zaidi ya mita 20 tangu Bunge lake la kwanza likutane.

Msomaji wa Nakuru au Arusha analijua jambo hili bila kufundishwa. Bonde la Ufa letu ni jamaa yake: nalo lina joto linaloinuka kutoka chini, volkeno zilizopangika mstari, maziwa yaliyokaa kwenye mabonde yaliyodidimia, na mvuke unaofuka kwenye nyufa. Tofauti ni kwamba letu linapasua bara nene, tena polepole zaidi, milimita chache kwa mwaka, na lao linapasua sakafu ya bahari.

Mahali pazuri pa kuona ufa huo ni Þingvellir, kilomita 40 na kitu mashariki mwa Reykjavík. Pana ukuta mrefu wa mwamba mweusi upande wa magharibi, uwanda wa nyasi chini yake, mto, ziwa, na nyufa zilizojaa maji safi ambamo watu huogelea wakiwa na mwamba huku na huku. Shikilia jina hilo, tutalirudia.

Volkeno zinawafanya nini, na serikali hufanya nini?

Kuna mifumo ya volkeno hai ipatayo 30, na historia ya nchi inahesabika kwa milipuko yake. Mbaya kuliko yote ilikuwa ya nyufa za Laki, 1783 hadi 1784. Lava haikuwaua wengi. Gesi ndiyo iliyoua. Sumu iliangukia majani, mifugo zaidi ya nusu ikafa, na njaa iliyofuata ikamchukua karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Zama hizo nchi ilikuwa koloni la Denmark na msaada ulitoka ng'ambo ya bahari.

Linganisha na usiku wa kuamkia 23 Januari 1973. Ardhi ilipasuka pembeni mwa mji wa kisiwa cha Heimaey, wakati watu 5,300 wamelala. Dhoruba ya siku iliyotangulia ilikuwa imeifungia bandarini meli nyingi za uvuvi, na meli hizo ndizo zilizowavusha watu kabla ya asubuhi. Kisha wakafanya jambo ambalo hadi leo hulisimulia nikiwa nimesimama: walipampu maji ya bahari na kuyamwaga juu ya lava miezi mfululizo, ili igande kabla haijaziba mlango wa bandari. Bandari ikapona. Nyumba mamia ziliteketea, lakini bandari ndiyo ugali wa mji ule, na wengi wa watu walirudi.

Karibuni zaidi ni Grindavík. Tarehe 10 Novemba 2023 mji wa watu wapatao 3,800 ulihamishwa usiku mmoja, baada ya matetemeko kuonyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapita chini ya nyumba. Siku tatu baadaye Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya kujenga kingo za udongo na mawe kuilinda mitambo ya umeme iliyo jirani, na kutoza kodi ndogo ya nyumba nchi nzima kulipia kazi hiyo. Milipuko ilianza 18 Desemba. Januari 2024 lava iliingia pembeni mwa mji na kuunguza nyumba tatu, na mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuwanunulia nyumba zao wakazi waliotaka kuuza. Kwangu hapo ndipo serikali inapoonekana kwa sura yake, pale sheria inapokimbizana na lava.

Ule mlipuko uliofunga anga la Ulaya 2010 ulikuwa wa Eyjafjallajökull. Uliwasumbua abiria wa dunia kuliko ulivyowasumbua wenyeji, ukiacha wakulima wa chini ya mlima waliofunikiwa mashamba na majivu.

Althingi ni nini, na kwa nini linasifiwa hivyo?

Althingi, wenyewe huandika Alþingi, ni Bunge la Aisilandi, na lilianza 930. Wakati huo nchi ilikuwa na wahamiaji wa vizazi viwili vitatu tu, wengi kutoka Norwe na wengine kutoka visiwa vya Uingereza na Ireland. Hawakuwa na mfalme na hawakumtaka. Walichohitaji ni mahali pa kukutania, wakachagua Þingvellir, maana yake viwanja vya baraza. Kila kiangazi, kwa wiki mbili hivi, watu walifika kwa farasi, wengine baada ya safari ya siku nyingi, wakapiga mahema kando ya mto.

Ukuta wa ufa uliwapa ukumbi bila kujenga. Msemaji alisimama kwenye Mwamba wa Sheria, sauti ikapiga ukuta na kurudi kwa umati. Sheria hazikuwa zimeandikwa, kwa hiyo palikuwa na mtu mmoja aliyechaguliwa kwa miaka mitatu kuzihifadhi kichwani. Kila mwaka alizikariri theluthi moja hadharani, na kipindi chake kikiisha awe amezimaliza zote. Mtu aliyekulia karibu na wazee wanaotamka utenzi mzima bila karatasi hatashangaa kwamba jambo hilo liliwezekana. Zilianza kuandikwa majira ya baridi ya 1117.

Kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1000 hivi. Wakristo na waabudu miungu ya kale walikuwa karibu kuvunjiana nchi. Kwa mujibu wa masimulizi ya kale, pande zote zilimwachia uamuzi mhifadhi wa sheria, Þorgeir, ambaye mwenyewe alikuwa wa dini ya kale. Alijifunika joho akalala kimya mchana na usiku, kisha akatoka na neno: tuwe na sheria moja, kwa maana tukiigawa sheria tutaigawa na amani. Akaamua wote wabatizwe, na baadhi ya desturi za zamani zivumiliwe kwa muda.

Tusilipambe kupita kiasi. Watumwa hawakuwa na sauti, wanawake hawakuketi katika baraza, na machifu ndio walioamua. Tena hapakuwa na polisi wala serikali: ukishinda kesi, utekelezaji ni juu yako na jamaa zako. Udhaifu huo ndio ulioizamisha nchi katika vita vya koo, na kati ya 1262 na 1264 machifu wakakubali kumlipa kodi mfalme wa Norwe.

Kwa hiyo ni Bunge kongwe kuliko yote duniani?

Mara nyingi huitwa hivyo, nami hukubali kwa sharti moja. Baada ya Norwe kuingia chini ya taji la Denmark mwaka 1380, nguvu za Althingi zilipungua hadi likabaki mahakama, na mwaka 1800 likafutwa. Lilirudi 1845, Reykjavík, likiwa baraza la ushauri. Ni kongwe, ila lilikatika kwa miaka 45.

Uhuru waliupataje?

Kwa hatua, bila bunduki. Jón Sigurðsson, mwanazuoni aliyeishi Copenhagen, aliongoza hoja kwa miaka mingi akitumia nyaraka za kale kama silaha. Katiba ya kwanza ilikuja 1874, waziri wa kwanza mwenyeji anayekaa Reykjavík 1904, na nchi ikawa dola huru chini ya mfalme yule yule tarehe 1 Desemba 1918. Vita Kuu ya Pili ikawatenga: Ujerumani iliikalia Denmark, Waingereza wakaikalia Aisilandi. Mei 1944 wananchi walipiga kura, zaidi ya asilimia 95 wakataka jamhuri, na tarehe 17 Juni, siku ya kuzaliwa Jón Sigurðsson, jamhuri ikatangazwa. Wapi? Þingvellir, mvua ikinyesha.

Leo nani anatawala, Rais au Waziri Mkuu?

Waziri Mkuu ndiye mwenye serikali, naye lazima aungwe mkono na Bunge. Tangu Desemba 2024 ni Kristrún Frostadóttir, akiongoza muungano wa vyama vitatu ambavyo viongozi wake wote ni wanawake.

Rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa miaka minne, bila ukomo wa vipindi na bila duru ya pili. Halla Tómasdóttir, aliyeapishwa 1 Agosti 2024, alishinda kwa takribani theluthi moja ya kura, na hiyo ilitosha. Kazi zake nyingi ni za heshima, lakini ibara ya 26 ya katiba inampa upanga mmoja: akikataa kusaini sheria, sheria hiyo lazima ipelekwe kwa wananchi waipigie kura. Kwa miaka 60 hakuna rais aliyeuchomoa. Ólafur Ragnar Grímsson ndiye aliyeanza, 2004. Kisha benki tatu kubwa za nchi zilipoanguka Oktoba 2008, serikali ikataka kuzilipa Uingereza na Uholanzi fedha za watu wao waliopoteza amana, Rais akakataa kusaini. Machi 2010 zaidi ya wapigakura tisa kati ya kumi walisema hapana. Mkataba ulilegezwa, akakataa tena, na 2011 wananchi wakasema hapana mara ya pili. Mwaka 2013 mahakama ya nchi za EFTA, umoja wa biashara huria wa Ulaya, iliipa Aisilandi haki.

Wanafunzi wangu wa kike huuliza zaidi kuhusu Vigdís Finnbogadóttir. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake tisa kati ya kumi waliacha kazi kwa siku nzima, za ofisini, za viwanda vya samaki na za jikoni, ili ionekane wanafanya nini. Miaka mitano baadaye Vigdís, mama aliyemlea mtoto peke yake, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kuwa mkuu wa nchi. Alikaa miaka 16.

Wabunge wanapatikanaje?

Wako 63, katika Bunge la chumba kimoja tangu 1991, kwa miaka minne. Majimbo ni sita: matatu ya mikoani, moja la miji jirani ya mji mkuu, na Reykjavík yenyewe imegawanywa mawili. Unapigia chama, si mtu. Viti 54 hugawanywa ndani ya majimbo kwa uwiano wa kura, na tisa hutumika kusawazisha ili kila chama kilichofikisha asilimia 5 kipate kinachokistahili kitaifa. Ndiyo maana karibu kila serikali ni ya muungano.

Kuna mikoa kama yetu?

Hakuna wakuu wa mikoa wala magavana. Chini ya serikali kuu kuna halmashauri sitini na kitu, nyingine za watu mia chache tu, zinazosimamia shule za msingi, maji na mipango miji. Mahakama zina ngazi tatu tangu 2018.

Kweli hawana jeshi? Na walishindaje vita na Uingereza?

Jeshi la kudumu hawana. Wana walinzi wa pwani, na ni waasisi wa NATO tangu 1949. Marekani ilikuwa na kambi Keflavík hadi 2006.

Vile vinavyoitwa vita vya chewa vilikuwa ugomvi wa samaki. Aisilandi ilisogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 12 za baharini mwaka 1958, 50 mwaka 1972, na 200 mwaka 1975. Kila mara Uingereza ilileta manowari kulinda meli zake. Walinzi wa pwani wa Aisilandi walikuwa na vyombo vichache na kifaa cha kukatia nyavu, wakazikata. Lakini ngao yao kubwa ilikuwa ramani: kambi ya Keflavík ilichunga njia ya manowari za Kisovieti kuingia Atlantiki, na hakuna aliyetaka kuipoteza. Juni 1976 Uingereza ilikubali.

Hapa nasi tumo. Wazo la ukanda wa kiuchumi wa maili 200 lilipelekwa Umoja wa Mataifa na Kenya mwaka 1972, likaingia katika mkataba wa sheria ya bahari wa 1982. Mvuvi wa Lamu na wa Heimaey wanalindwa na kanuni ile ile.

Mbona hawamo Umoja wa Ulaya?

Samaki, kwa sehemu kubwa: hawataki mgawo wa bahari yao uamuliwe Brussels. Wamo katika soko la pamoja tangu 1994. Waliomba uanachama 2009, wakasimamisha mazungumzo 2013. Serikali ya sasa iliahidi kuwauliza wananchi, kabla ya 2027 kwisha, kama mazungumzo yaendelee.

Nilisikia wananchi waliandika katiba yao wenyewe. Inatumika?

Haitumiki. Baada ya anguko la benki, watu 25 wa kawaida waliandaa rasimu mwaka 2011, na Oktoba 2012 theluthi mbili ya waliopiga kura walitaka iwe msingi wa katiba mpya. Kura hiyo haikulifunga Bunge, na mabadiliko ya katiba yanadai Bunge liyapitishe, livunjwe, uchaguzi ufanyike, na Bunge jipya liyapitishe tena. Rasimu iko kabatini. Naona ni deni ambalo halijalipwa, na sisi tuliopitia rasimu zetu tunaijua ladha yake.

Ufa umewapa faida gani?

Joto. Nyumba tisa kati ya kumi zinapashwa moto kwa jotoardhi, na takribani umeme wote unatokana na maporomoko ya maji na mvuke. Wanafunzi wa Aisilandi husafiri kuja Bonde la Ufa, na wahandisi wetu huenda kwao. Tangu 1979 kuna chuo cha mafunzo ya jotoardhi Reykjavík, kwanza chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, sasa chini ya UNESCO. Wakenya wengi wanaoendesha visima vya mvuke vya Olkaria, Kenya, wamepita hapo, na Watanzania na Waganda pia. Olkaria ilianza kutoa umeme 1981.

Yale majina husomwaje, na nimwite nani "Bwana nani"?

Mswahili ana bahati. Herufi Þ ni th ya thamani, na ð ni dh ya dhahabu; Waingereza wengi huziandika kwa namna moja, sisi tunazitenganisha tangu utotoni. J isome kama y. Þingvellir hutamkwa karibu na "Thingvetlir". Vík ni ghuba, jökull ni barafuto, ey ni kisiwa, foss ni maporomoko, kwa hiyo ramani inajieleza. Reykjavík ni ghuba ya moshi, na moshi wenyewe ulikuwa mvuke wa chemchemi.

Majina ya watu nayo ni bin na binti. Kristrún Frostadóttir ni Kristrún binti Frosti, wala si jina la ukoo. Kwa hiyo ukimwandikia Waziri Mkuu usiseme "Bibi Frostadóttir", kwa sababu hilo ni jina la baba yake. Mwite Kristrún, kama wafanyavyo wabunge na wauza samaki wa kwao.